Ngonjera na Amani ya Kaisari: Kumsoma Upya Mnyampala wa Dodoma

Katika masikio ya msomaji wa visiwani, Dodoma ni jina la vikao. Ni mji ulioteuliwa na TANU mwaka 1973 uwe makao makuu ya nchi. Na ndimo Halmashauri Kuu ya CCM ilimokutana Januari 1984, katika kikao ambacho Aboud Jumbe alikiingia akiwa Rais wa Zanzibar na kukimaliza akiwa ameviacha vyeo vyake. Panapozungumzwa ushairi, mji huo hautajwi. Hutajwa Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba. Bara ya kati, penye mibuyu, mtama na uwele, huonekana kuwa mbali mno na chimbuko la vina na mizani.

Hata hivyo ni bara hiyo iliyomtoa Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, na ambaye ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa ngonjera. Ni tungo chache za Kiswahili zilizopita katika vinywa vya watoto wengi wa shule kama ngonjera, na ni chache zilizodharauliwa na wapenzi wa ushairi wa pwani kama hizo. Hukumu yao inajulikana: ngonjera ni hotuba iliyovishwa vina, wimbo wa jukwaani unaokufa mara tu mgeni rasmi anapoinuka kitini. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imetolewa kwa sababu isiyo sahihi. Kuimba siasa si aibu kwa ushairi. Muyaka aliimba siasa, na hakuna amwitaye mpiga debe. Kama ngonjera ina kosa, basi kosa hilo litafutwe mahali pengine: katika namna inavyomtendea yule mzungumzaji wa pili.

Umbo la ngonjera ni jepesi kulieleza. Watu wawili, au makundi mawili, hujibizana kwa beti. Mmoja anajua, mwingine hajui. Mmoja ameikubali sera, mwingine anaitilia shaka. Asiyejua huuliza, hulalamika, pengine hukejeli; ajuaye hujibu kwa hoja, kwa subira na kwa mifano. Baada ya beti kadhaa asiyejua hufunguka macho, hukiri kosa lake, na wote wawili humaliza kwa sauti moja. Mnyampala, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, alilipa umbo hilo kazi maalumu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1968 Rais Nyerere alikutana na washairi akawaomba walifikishe Azimio kwa wananchi kupitia sanaa yao. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, mwandishi wake akiwa tayari kaburini.

Mpenzi wa ushairi wa pwani anaposoma ngonjera kwa mara ya kwanza, jambo linalomgutusha ni mwisho wake. Yeye amelelewa katika malumbano. Muyaka wa Mombasa alipotupiana beti na malenga wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi, mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Shela, hakuna upande ulioandikiwa kushindwa na kalamu ya mwenzake. Kila malenga alikuwa na mji nyuma yake, na kila jibu lilifungua mlango wa jibu jingine. Msikilizaji aliachiwa kazi ya kupima. Ngonjera imekopa vazi la malumbano, yaani majibizano, vina na mizani, lakini imebadili kilicho ndani: washindani wote wawili wametoka katika kalamu moja, na mshindi anajulikana kabla ubeti wa kwanza haujasomwa.

Umbo linapobaki na nguvu zikahama, hilo si jambo la ushairi peke yake. Ndilo jambo lililotokea katika dola mashuhuri kuliko zote za kale, na ambalo washairi wa dola hiyo walilazimika kulitafutia lugha. Kwa sababu hiyo, anayetaka kumhukumu Mnyampala kwa haki hana budi apitie Roma kwanza.

Kwa mapokeo ya Warumi wenyewe, walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 KK, wakaapa kutotawaliwa tena na mtu mmoja. Waliweka makonsuli wawili kila mwaka ili mmoja amzuie mwenzake, wakawa na seneti, yaani baraza la wakubwa, pamoja na mikutano ya raia. Jamhuri hiyo iliteka nchi nyingi kiasi kwamba majemadari wake wakawa na nguvu kuliko baraza lililowatuma. Katika karne ya mwisho walipigana wao kwa wao. Julius Caesar alipofanywa dikteta wa maisha, baadhi ya maseneta walimchoma visu tarehe 15 Machi, mwaka 44 KK, wakidhani wameiokoa jamhuri. Walichofungua ni vita vingine vya zaidi ya miaka 13. Octavian, mjukuu wa dada yake Caesar na mwanawe wa kurithishwa, aliwashinda wote, wa mwisho wakiwa Antony na Cleopatra huko Actium mwaka 31 KK.

Hapo ndipo ulipo ufundi wake. Octavian hakujiita mfalme. Mwaka 27 KK alitangaza kuwa anairudisha dola mikononi mwa seneti na watu wa Roma. Seneti, kwa shukrani, ikampa jina la Augustus na majimbo yenye majeshi mengi. Makonsuli waliendelea kuchaguliwa. Seneti iliendelea kukutana, kujadili na kupiga kura. Kila kiti kilibaki mahali pake, ila jibu lilikuwa likijulikana kabla ya swali kuulizwa. Kwa ubadilishano huo watu walipata kitu walichokuwa wamekikosa kwa miaka mingi, nacho ni amani. Augustus mwenyewe alijivunia kwamba milango ya hekalu la Janus, iliyofungwa pale tu dola ilipokuwa haina vita, ilifungwa mara tatu katika utawala wake. Mwaka 9 KK iliwekwa wakfu Madhabahu ya Amani, tena katika uwanja uliobeba jina la mungu wa vita. Kwa vipimo vya kale, utulivu ulioanza hapo, licha ya vita vya mipakani na vurugu za hapa na pale, ulidumu karibu miaka 200. Waswahili wana methali inayoitosha habari hiyo yote: amani haiji ila kwa ncha ya upanga.

Washairi walifanya nini? Horace alikuwa amepigana upande wa Brutus huko Philippi mwaka 42 KK, akashindwa pamoja naye, akapoteza mali ya baba yake. Baadaye alipewa shamba na Maecenas, rafiki wa Augustus, akaisifu amani mpya. Ovid, aliyekuwa na ulimi wa mzaha, alifukuzwa mwaka 8 BK akapelekwa Tomis, ukingoni mwa Bahari Nyeusi, akafia huko. Lakini mfano unaohusu ngonjera moja kwa moja ni wa Virgil, na hautoki katika utenzi wake mkuu wa Aeneid bali katika utungo wa kwanza wa kitabu chake cha nyimbo za wachungaji, alichokiandika Octavian akiwa bado hajaitwa Augustus.

Baada ya Philippi, Octavian aliwaahidi askari wake ardhi, na ardhi hiyo ilipatikana kwa kuwanyang'anya wakulima wa Italia mashamba yao, yakiwamo ya eneo la Mantua, nyumbani kwa Virgil. Utungo huo ni majibizano ya wachungaji wawili. Tityrus amekwenda Roma, amemwona kijana mwenye enzi, ameruhusiwa kubaki na mifugo yake. Amejilaza kivulini anapiga filimbi, na kwake kijana yule ni kama mungu. Meliboeus amenyang'anywa. Anapita njiani akiwaswaga mbuzi wake, mmoja wao akiwa ametoka kuzaa mapacha na kuwaacha juu ya mawe matupu. Virgil hamlaumu Tityrus kwa kushukuru, wala hampi Meliboeus ubeti wa kukiri kwamba sasa ameelewa. Jioni inapoingia, mwenye shamba anamkaribisha mwenzake alale usiku mmoja, ale matunda na jibini. Utungo unaishia hapo. Haujulishi kama mwaliko ulikubaliwa. Shukrani ya mmoja haikuifuta hasara ya mwingine. Zote mbili zimekaa ndani ya utungo mmoja, na msomaji hana njia ya kuichukua ya kwanza na kuiacha ya pili.

Utungo huo ungeweza kuwa ngonjera. Una watu wawili, mmoja amenufaika na utaratibu mpya na mwingine ameumia. Kinachoutofautisha na ngonjera ni ubeti wa mwisho tu.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Dodoma. Mwaka 1971 serikali iliendesha Operesheni Dodoma, ambayo iliwahamisha Wagogo kutoka kaya zao zilizotawanyika, zenye nyumba za tembe na mazizi, na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Hoja za serikali hazikuwa za upuuzi: shule, zahanati na maji ni vigumu kuvifikisha kwa kaya zilizoachana kwa mwendo mrefu, katika nchi ambamo mvua haiaminiki. Lakini walikuwako waliotazama nyuma wakaona tembe lao likibaki tupu. Mtu huyo ni Meliboeus wa Ugogo. Katika ngonjera anaruhusiwa kusema, kisha anatakiwa aseme kwamba alikosea.

Mnyampala hakuiona Operesheni Dodoma. Alifariki miaka miwili kabla yake. Ni dhuluma kumbebesha mzigo wa yaliyofuata. Tena zipo sababu zinazomtaka mhakiki aende taratibu. Mwaka aliozaliwa, Ugogo ilikuwa imo katika njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Watu wengi mno walikufa kati ya mwaka 1917 na 1920. Kwa mtoto wa njaa hiyo, amani haikuwa neno la kupambia hotuba. Ilikuwa ni ghala lisilovunjwa na askari. Na mwaka 1954, alipochapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, aliandika kama mtu anayejua kwamba utawala si kitu cha kudumu: watemi wake walitegemea mvua, ukoo na ridhaa ya watu. Mwaka 1963 nchi ikaondoa utawala wa watemi, na kitabu chake kikabaki ghala la yaliyopita.

Zaidi ya hayo, Mnyampala aliwahi kuwa hakimu. Hakimu hujifunza jambo moja mapema: kwamba mdaiwa naye apewe nafasi ya kusema, hata kama kosa lake linaonekana machoni pa wote. Aliyeziweka Zaburi katika utenzi alijua pia kwamba kitabu kitakatifu chenyewe kimejaa manung'uniko, na kwamba mja anaweza kumlalamikia Mola wake bila kukufuru. Mafunzo hayo mawili, ya mahakama na ya Zaburi, yamo katika umbo alilolianzisha. Ngonjera humpa asiyejua ubeti kamili, wenye vina vyake na mizani yake, sawa na ubeti wa ajuaye. Mtunzi hana ruhusa ya kumpunguzia mshororo. Na mtunzi hodari, ambaye heshima yake imo katika utungaji, hawezi kuutunga ubeti wa shaka kwa uzembe, maana ubeti dhaifu utamwaibisha yeye na wala si mhusika wake. Kwa hiyo shaka imehifadhiwa. Anayeisoma ngonjera leo, miaka mingi baada ya Azimio kuwa historia, huweza kukuta kwamba majibu yamechuja na maswali yamebaki na rangi yake.

Jambo hilo halikukusudiwa, lakini thamani ya kazi ya sanaa haifungwi na makusudio. Na hapa historia ya fasihi ya Kiswahili ina kinaya chake. Tanganyika ilikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1965 Katiba ya muda iliweka chama kimoja kila upande wa Muungano: TANU bara, Afro-Shirazi visiwani. Katikati ya hatua hizo, mwaka 1963, Rais mwenyewe alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu kifo cha Julius Caesar, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Aliitafsiri kwa mishororo isiyo na vina, kinyume cha kanuni walizozishika washairi wa wakati wake. Na katika tamthilia hiyo hakuna ajuaye. Brutus anapanda jukwaani, anaeleza kwa nini amemwua rafiki yake, na watu wanamkubali. Antony anapanda baada yake, na watu wale wale wanakwenda kuchoma nyumba za waliowashangilia punde tu. Mtazamaji hawezi kutoka akiwa na mwalimu wa kumwamini. Anachotoka nacho ni hofu ya maneno matamu, yawe yanasifu uhuru au yanasifu amani.

Hivyo mtawala ndiye aliyeipa lugha ya Kiswahili mjadala usio na jibu, na mshairi ndiye aliyeipa dola mjadala wenye jibu moja. Asiyependa kinaya atasema ni bahati tu. Lakini wote wawili walikuwa wakishughulika na swali lile lile lililowashughulisha Warumi: nchi changa inayoogopa kusambaratika iwavumilie wanaosema hapana kwa kiasi gani? Ulinganisho huu usipindukie mipaka. Nyerere hakuingia madarakani kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1985 alikiacha kiti akiwa hai, jambo ambalo Augustus hakulifanya hadi alipokufa mwaka 14 BK. Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi. Kinacholingana si watu hao wawili, bali ni kazi ambayo amani huwapa washairi na bei inayowatoza.

Bei hiyo visiwani inajulikana. Ngonjera za amani na utulivu zilikuwa zimekwisha kuimbwa kwa miaka mingi Januari 2001, watu walipopigwa risasi Unguja na Pemba katika maandamano ya baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Utungo usiomjua mtu aliyevuka kwa ngalawa usiku hauwezi kuifariji nchi. Unaweza tu kuinyamazisha, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa ndipo warithi wengi wa Mnyampala walipompoteza mwalimu wao. Katika ngonjera za viwanja vya sherehe, asiyejua amepunguzwa hadi kuwa mjinga wa kuchekwa. Anauliza maswali ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyauliza, ili ajibiwe upesi na makofi yapigwe. Pengine hata yeye ameondolewa, na pande zote mbili zinasifu kwa zamu. Hapo majibizano hayapo tena, na hata lile vazi la malumbano limevuliwa.

Kwa hiyo hukumu ya wapenzi wa ushairi wa pwani inahitaji kugawanywa sehemu mbili. Wana haki kusema kwamba mwisho wa ngonjera ni udhaifu wake, na kwamba maafikiano yaliyoandikwa na mkono mmoja si maafikiano. Hawana haki kuitupa ngonjera yote pamoja na mwisho huo. Ipo njia ya kuisoma ambayo haijajaribiwa vya kutosha: mwalimu achukue kitabu cha Mnyampala, awaombe wanafunzi wazisome kwanza beti za asiyejua peke yake, kwa mfululizo, kana kwamba ni shairi moja. Wazipime kwa ukali uleule wanaompimia Muyaka. Ndipo warudi kwa beti za ajuaye wakaulize kama kila swali lilijibiwa, au kama muulizaji alichoka.

Na mtunzi kijana wa Dodoma, Chake Chake au Mombasa anayetaka kuandika ngonjera leo hahitaji kulivunja umbo hilo ili alikomboe. Vina vibaki, mizani ibaki, watu wabaki wawili. Abadilishe kituo cha mwisho tu. Badala ya kumlazimisha mwenye shaka akiri, mwenyeji wake amfungulie mlango, amtandikie mkeka, amwekee uji wa uwele, na alipofika kwenye neno la maafikiano aweke kalamu chini.